Unalipia Jicho, Hulipii Plastiki

Tunazungumzia meno. Si yale yanayouma usiku mpaka ukaamka kutafuta karafuu, ni yale yasiyouma kabisa ila mwenyewe hayapendi. Moja limepandana na jirani yake, jingine limejitokeza nje, jingine limegeuka ubavu, na mwenye nayo akipigwa picha anafumba mdomo.

Zamani aliyetaka kuyapanga alikuwa na njia moja, ile ya vyuma: vibandiko juu ya kila jino, waya unapita katikati, na mwaka au miaka miwili ya kwenda kukazwa. Siku hizi fungua simu tu, tangazo linakufuata. Plastiki angavu, unaivaa, unaivua, hakuna atakayejua, na baada ya miezi michache meno yamenyooka. Plastiki hizo zinaitwa alaina. Hoja yangu nitaisema mapema ili usiisubiri mpaka mwisho: alaina zinafanya kazi, na kwa mdomo unaofaa zinafanya kazi nzuri. Lakini aliyekuuzia plastiki peke yake hajakuuzia matibabu. Kinacholipiwa pale ni jicho la daktari.

Tuanze na jino lenyewe. Wengi wetu tunadhani limekaa kwenye taya kama msumari uliogongwa ubaoni. Sivyo. Kati ya mzizi wa jino na mfupa kuna nafasi nyembamba sana, kiasi cha robo ya milimita, na nafasi hiyo imejaa nyuzi laini zinazolishika jino kila upande. Ndizo zinazokujulisha, hata kabla hujatafuna vizuri, kwamba kwenye wali huu imebaki chembe ya mchanga. Jino likisukumwa kwa nguvu ndogo, siku baada ya siku, nyuzi za upande mmoja zinabanwa na za upande wa pili zinavutwa. Pale palipobanwa huja chembe hai ambazo kazi yake ni kumung'unya mfupa. Pale palipovutwa huja nyingine, nazo zinajenga mfupa mpya. Mfupa unabomolewa huku na kujengwa kule, na jino linahama pamoja na shimo lake.

Ujenzi huo una mwendo wake. Kwa kawaida jino husogea milimita moja kwa mwezi, mara nyingi pungufu ya hapo. Ukizidisha nguvu ili uwahi harusi, damu inakatika kwenye zile nyuzi, maumivu yanaongezeka, na ncha ya mzizi inaweza kuanza kuliwa. Na kama fizi zako zina ugonjwa na mfupa umeshapungua, kulisukuma jino ni kulilegeza zaidi. Haya yote yanatokea ndani, chini ya ufizi. Kwenye kioo huyaoni, kwenye picha ya simu hayaonekani. Yanaonekana kwa eksirei, na kwa kile kijiti chembamba chenye alama ambacho daktari hukipitisha taratibu pembeni mwa kila jino kupima ufizi umeachia kiasi gani.

Sasa alaina inaingiaje hapo? Mdomo unapigwa picha kwa skana ndogo inayoingia kinywani, au unang'ata ujiujiu unaoganda na kuchukua umbo la meno. Umbo hilo linaingizwa kwenye kompyuta. Daktari anapanga mwanzo na mwisho: jino hili linasimama hapa, lile linarudi nyuma, lile linazungushwa. Safari yote inakatwa vipande vipande, kila kipande takriban robo ya milimita, na kila kipande kinatolewa kielelezo chake kwenye printa. Juu ya kielelezo hicho inalazwa karatasi ya plastiki iliyopashwa moto, inabanwa mpaka inashika umbo, inakatwa kingo. Hiyo ndiyo alaina moja. Unapewa jozi kadhaa, ya juu na ya chini, kila jozi unaivaa wiki moja au mbili, kisha unahamia inayofuata. Kila mpya inakubana siku mbili tatu za mwanzo, maana yenyewe imeumbwa kwa meno uliyo njiani kuyapata, si uliyo nayo.

Na si kweli kwamba plastiki inafanya yote. Mara nyingi daktari hubandika juu ya baadhi ya meno vijiwe vidogo vyenye rangi ya jino ili plastiki ipate pa kushikia. Mara nyingine hupitisha msasa mwembamba katikati ya meno, akapunguza sehemu ndogo ya milimita ili nafasi ipatikane. Kazi hizo mbili haziji kwa kifurushi cha posta.

Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1945 daktari mmoja Mmarekani, Harold Kesling, alitengeneza kifaa cha mpira cha kumalizia kazi baada ya vyuma kutolewa, na akaandika kwamba mfululizo wa vifaa vya namna hiyo ungeweza kusogeza meno mbali zaidi. Kilichokwamisha ni mikono. Kila hatua ilitaka kielelezo kipya, meno ya plasta yakatwe na kupangwa upya kwa nta, moja moja. Nani angeweza kufanya hivyo mara ishirini kwa mgonjwa mmoja?

Jibu lilikuja na kompyuta. Zia Chishti alivaa vyuma akiwa mtu mzima, na baada ya kutolewa akapewa riteina, kile kifaa cha kuyazuia meno yasirudi yalikotoka. Alipokaa bila kukivaa meno yalianza kuhama. Alipokirudisha, yakarudi mahali pake. Akajiuliza: kama plastiki inaweza kulirudisha jino, kwa nini isiweze kulipeleka? Mwaka 1997 yeye na Kelsey Wirth, aliyekutana naye kwenye masomo ya biashara Chuo Kikuu cha Stanford, wakaanzisha kampuni ya Align Technology huko California. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa daktari wa meno. Mwaka 1998 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliwaruhusu kuuza, na bidhaa yao, Invisalign, ikaingia midomoni mwa watu. Hataza zake za mwanzo zilianza kwisha muda mwaka 2017, na hapo mlango ukafunguka. Kampuni zikamiminika, bei zikaanza kushindana.

Bei ya plastiki yenyewe ni ndogo kuliko unavyodhani. Mwaka 2016 mwanafunzi mmoja wa chuo cha teknolojia cha New Jersey alitumia printa ya chuoni kwao, akajitengenezea alaina zake kwa gharama iliyo chini ya dola 60, na meno yake yakasogea kweli. Magazeti yakamshangilia. Madaktari wakashika vichwa, kwa sababu kijana yule alikuwa na bahati ya mdomo mwepesi na fizi nzima, na nyuma yake wangekuja maelfu wasio na bahati hiyo. Lakini alitufundisha jambo moja: kama plastiki inagharimu kiasi hicho, basi ile pesa nyingi unayotajiwa kliniki inalipia kitu kingine.

Kitu hicho ndicho kampuni moja ya Marekani ilichoamua kukipunguza. SmileDirectClub ilianzishwa mwaka 2014, makao yake Nashville, Tennessee. Ilikutumia kifurushi nyumbani, unang'ata ule ujiujiu mwenyewe, unaurudisha kwa posta. Au unakwenda dukani kwao ukapigwa picha ya kinywa. Alaina zinakuja mlangoni. Bei ilikuwa kiasi cha dola 2,000, mara nyingi chini ya nusu ya alichotoza daktari. Kampuni ilisema kila mpango wa matibabu ulipitiwa na daktari mwenye leseni. Lakini mteja aliweza kuanza na kumaliza bila daktari huyo kuingiza kidole kinywani mwake hata mara moja, na hilo ndilo lililopingwa na chama cha madaktari bingwa wa kupanga meno cha Marekani.

Septemba 2019 hisa za kampuni hiyo ziliingia sokoni, ikathaminiwa kwa karibu dola bilioni 9. Septemba 2023 iliomba kinga ya mufilisi, ikiwa na madeni yanayokaribia dola milioni 900. Desemba 2023 ikafunga. Kulikuwa na watu waliokuwa katikati ya matibabu, meno yameshatoka yalikokuwa na hayajafika yanakokwenda. Dhamana ya maisha waliyoahidiwa ikatangazwa kuwa haipo tena. Waliokuwa wakilipa kidogo kidogo waliambiwa waendelee kulipa mpaka deni liishe. Na wengi hawakuwa na daktari wa kumwendea, aliye na faili yao, anayejua meno yao yalianzia wapi. Mwaka uliofuata, Oktoba 2024, Dentsply Sirona, kampuni kubwa ya vifaa vya meno, nayo ilisimamisha mauzo ya Byte, alaina zake zilizokuwa zikipelekwa nyumbani kwa watu.

Msikilizaji, usinielewe vibaya. Wapo waliotumia njia hiyo wakapata walichotaka. Meno mawili ya mbele yaliyoachana kidogo hayahitaji mambo makubwa. Tatizo ni kwamba mwenye mdomo hajui kama wake ni mwepesi. Daktari akiangalia alaina moja kwa jicho anaona mambo mengi: plastiki imekaa vizuri pande zote, au kwenye chonge kumebaki upenyo mdogo kati ya ncha ya jino na plastiki? Upenyo ule mwembamba una maana kwamba jino limebaki nyuma ya mpango. Ukiendelea kubadilisha jozi kwa ratiba, kila mpya itakaa vibaya kuliko iliyopita, na utakuwa unavaa plastiki isiyokuhusu.

Na kubaki nyuma ni jambo la kawaida. Watafiti wa Marekani waliochapisha kazi yao mwaka 2009 walilinganisha kile kompyuta ilichotabiri na kile meno yalichofanya. Kwa wastani, mwendo uliotokea ulikuwa asilimia 41 ya uliopangwa. Walipopima tena, wakachapisha mwaka 2020, plastiki ikiwa bora na programu ikiwa bora, wastani ulipanda hadi asilimia 50. Kwa hiyo ile filamu nzuri unayoonyeshwa kwenye skrini, meno yakijipanga yenyewe kwa sekunde kumi, ni mpango tu. Daktari mzoefu anajua ni wapi mpango utakwama, anauzidishia hapa, anaupunguza pale, na mara nyingi anaagiza seti ya pili ya kumalizia.

Nije kwetu sasa. Sisi tuna mwanya, na mwanya wa meno ya mbele juu kwetu ni urembo. Wapo wanaoutamani wasiupate. Hata hivyo wapo wanaotaka kuuziba, hiari yao. Ninachoomba ni wasiuzibe kwa raba. Zinauzwa mitandaoni raba ndogo za kuvisha meno mawili ya mbele ili yavutane. Zinavuta kweli. Lakini jino ni nene juu na linachongoka kuelekea mzizini, kwa hiyo raba inateleza, inapita chini ya ufizi, na huko inazidi kupanda kwenye mzizi huku ikizikata zile nyuzi nilizokutajia. Mtu anadhani raba imedondoka usiku. Baadaye meno mawili yaliyokuwa mazima yanacheza, na pengine yanang'oka. Hapo utakuwa umebadilisha mwanya na pengo.

Lipo na jambo jingine letu, zito zaidi. Mtoto mchanga akiharisha na kupata homa, katika sehemu kadhaa za Tanzania na nchi jirani husemwa ana meno ya plastiki, au meno ya nailoni. Anapelekwa kwa mtu, ufizi unachimbwa, na kinatolewa kitu cheupe laini. Kitu kile ni chonge la utotoni ambalo halijakomaa. Mtoto anaweza kupoteza damu, anaweza kupata maambukizi, na ugonjwa halisi wa kuharisha umebaki palepale bila tiba. Akiokoka, chini ya lile shimo kulikuwa na chonge la ukubwani linaloanza kuumbwa, nalo linaweza kuharibika, kuota upande, au kutoota kabisa. Miaka kumi na mitano baadaye binti anaingia kliniki, anasema, "Shikamoo daktari, nataka zile plastiki za kwenye simu, nimeshaweka nusu ya pesa." Daktari anamfungua kinywa. Chonge moja halipo, la pili limegeuka ubavu. Na chonge ni jino la mviringo. Plastiki inateleza juu yake, haipati kona ya kulizungushia. Huyu huenda akahitaji vyuma, au vyuma kwanza na alaina baadaye. Tangazo la kwenye simu lisingemwambia hivyo.

Na kwa wazazi niongeze moja: magego ya utotoni yanashika nafasi ya meno yajayo. Yakioza yakang'olewa mapema, jirani zake huegemea kwenye pengo, na jino la ukubwani likija linakuta pamekaliwa. Mengi yaliyopandana yalianzia hapo, kwenye pipi na mswaki uliosahaulika.

Tuseme umepimwa, umekubaliwa, umepewa jozi yako ya kwanza. Hapo kazi inahamia kwako. Alaina inatakiwa kukaa mdomoni saa 20 hadi 22 kwa siku. Piga hesabu za nyumbani kwetu. Chai ya asubuhi na maandazi, nusu saa. Chakula cha mchana, nusu saa, na kama ni ofisini na maongezi, zaidi. Chai ya jioni. Chakula cha usiku. Na kila baada ya kula, mswaki, ndipo uirudishe. Saa zako mbili zimekwisha, na bado hujapita barazani. Pale barazani ndipo penye mtego, maana kahawa haimalizwi kwa funda moja. Kahawa ya moto inaikunja plastiki na kuitia rangi. Kashata ikiyeyuka inanasa chini yake, na sukari inakaa juu ya jino bila mate ya kuiosha. Ukiwa nayo mdomoni, kunywa maji basi. Mwenye kufunga Ramadhani ana nafuu mchana, hali wala hanywi, alaina imetulia. Mtihani wake unaanza magharibi, kati ya futari na daku.

Na iwe na kijaluba chake. Alaina nyingi hupotea kwa namna moja: mtu ameivua shughulini, ameifunika kwa tishu kando ya sahani ya pilau, na mwenye kukusanya vyombo amepita. Vyuma havikuachii uhuru huo, na kwa wengine, vijana hasa, hiyo ndiyo sababu ya kuvichagua. Kijana anayeivua akienda shule na kuivaa akirudi, jino lake linakwenda na kurudi, kwenda na kurudi, na mwisho wa mwaka mzazi amelipa pesa nyingi kwa safari isiyofika.

Halafu kuna riteina. Jozi ya mwisho ikiisha, mfupa mpya bado haujakomaa na nyuzi zile bado zinavuta kurudi kwao. Kwa miezi ya mwanzo unavaa riteina karibu muda wote, kisha usiku, na usiku huo hauna tarehe ya mwisho. Ukiacha, meno yanahama, iwe yalipangwa kwa vyuma au kwa alaina.

Basi ukienda kliniki, nenda na maswali. Nani atanipanga meno, ni bingwa wa kazi hiyo, na amesajiliwa? Tanzania Bara kuna Baraza la Madaktari Tanganyika, Kenya kuna baraza lao la madaktari na madaktari wa meno, na kuuliza jina la mtu kwenye orodha si utovu wa adabu. Nitapigwa eksirei, fizi zangu zitapimwa kabla hamjaagiza chochote? Tutaonana kila baada ya muda gani, ana kwa ana? Meno yakibaki nyuma ya mpango, seti ya pili iko ndani ya bei hii au nalipa upya? Riteina je? Nikihama mji, au kliniki ikifungwa, nitapewa nakala ya faili langu? Na la mwisho, ambalo mfanyabiashara hapendi kuulizwa: kwa mdomo wangu, vyuma vingefanya vizuri zaidi?

Akikujibu yote bila kukunja uso, huyo anakuuzia jicho lake, na bei yake unaweza kuijadili. Akikwepa, akarudi kwenye picha za kabla na baada, funga mkoba wako. Meno yaliyopandana yanaweza kusubiri mwaka mwingine ukijichanga. Mfupa ukishaliwa, hakuna plastiki itakayoujaza.